Bunge la 13: Pwani ilipewa kiti kisichopiga kura

Amason Kingi alipochaguliwa Spika wa Seneti tarehe 8 Septemba 2022, Pwani ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Tangu Timothy Chokwe aliposimamia Seneti ya kwanza ya Kenya huru, miaka ya sitini, hakuna mtu wa Pwani aliyekuwa amekalia tena kiti cha uspika, si wa Bunge la Taifa wala wa Seneti. Hata hapa Mombasa, ambako Kingi hakuwahi kuomba kura kwa kuwa yeye ni mtu wa Kilifi, watu walisema sasa nasi tumo.

Muhula huo unaelekea ukingoni. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanaotaka viti vyetu wameshaanza kuzunguka mitaani. Ndiyo maana nataka tuulize sasa, kabla ya ngoma na fulana: kiti kile kilitupa nini? Naona kilitupa heshima, na heshima si kitu cha kubezwa. Lakini nguvu ya kuamua hakikutupa, na Mombasa hasa ilitoka mikono mitupu katika mgao wa nafasi za juu za Bunge la 13, lile tulilolichagua mwaka 2022. Hatukukosa kwa sababu wabunge wetu ni wachache au hawajui kusema. Tulikosa kwa sababu sisi wapiga kura tumezoea kumpima mbunge kwa basari, yaani msaada wa karo, na mazishi, tukakiachia chama chake kazi ya kuamua atakaa wapi ndani ya Bunge. Na huko ndani ndiko mambo ya bandari yanakopita.

Nianze na kiti chenyewe. Kifungu cha 122 cha Katiba kinasema anayeongoza kikao hana kura. Kura zikilingana, hoja imeanguka, na Spika hana la kufanya. Hasimami kutetea mswada, hampigi swali waziri, hasemi "watu wangu wa Magarini wanalia na ardhi". Anaamua nani azungumze, hoja ipi ikubaliwe, mswada uende kwa kamati gani. Ni kazi nzito inayotaka akili na subira, na nchi nzima ilimwona Kingi akiifanya Oktoba 2024, Seneti ilipoisikiliza kesi ya Naibu Rais Rigathi Gachagua na kumwondoa. Bunge la Taifa lilikuwa limepitisha hoja hiyo kwa kura 281 dhidi ya 44, na maseneta wakayakubali mashtaka matano kati ya kumi na moja. Jambo kama lile halikuwa limewahi kutokea chini ya Katiba ya 2010. Mtu wa Pwani ndiye aliyeliongoza, macho ya Kenya yakiwa kwake. Lakini shtaka kwa shtaka, kura zilikuwa za wengine. Yeye aliyasoma matokeo.

Mtu akiwa mwamuzi, kwao wanapungukiwa mtetezi mmoja. Hilo hatukuliweka kwenye hesabu tuliposherehekea. Kingi alikuwa gavana kwa karibu miaka kumi, na kabla ya hapo mbunge na waziri. Uzoefu huo wote uliwekwa mahali ambapo sheria inamkataza kuutumia kwa ajili ya Pwani peke yake. Simlaumu yeye. Spika anayependelea kwao ni Spika mbaya. Ninachosema ni kwamba wanasiasa wa Pwani walipokuwa wakipanga bei ya kuungana na upande mmoja au mwingine mwaka 2022, nafasi hii ndiyo iliyotangazwa kama ushindi mkubwa wa eneo zima, na hakuna aliyetufafanulia uwezo wake unaishia wapi.

Bei yenyewe ilikuwa na maana kubwa kuliko tulivyodhani. Chama cha Kingi, PAA, kilikuwa ndani ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, kikahamia Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto. Kilipata wabunge watatu tu. Sasa tazama ilivyokuwa baada ya kura kuhesabiwa. Azimio ilikuwa na wabunge 171 katika Bunge la Taifa, Kenya Kwanza 165. Kwa hesabu hiyo, Azimio ndiyo iliyokuwa na wengi, hata kama Rais alitoka upande wa pili. Kisha vyama vinne, yaani UDM, PAA, MDG na MCCP, vyenye wabunge 14 kwa pamoja, vikawa upande wa serikali. Tarehe 6 Oktoba 2022 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, akaamua kwamba Kenya Kwanza ndiyo yenye wengi: 179 dhidi ya 157.

Uamuzi ule wa mtu mmoja ndio uliopanga samani zote za nyumba. Ukiwa na wengi unamtoa Kiongozi wa Wengi, unapata viti zaidi katika kila kamati, na wenyeviti wa kamati za wizara wanatoka kwako. Kimani Ichung'wah wa Kikuyu akakaa upande wa kulia wa Spika kama Kiongozi wa Wengi, na Opiyo Wandayi wa Ugunja akaenda kushoto kama Kiongozi wa Wachache. Ilichukua zaidi ya miaka miwili mahakama kutoa jibu. Februari 2025 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema uamuzi wa Spika ulikiuka Katiba, na kwamba haifai mtu kuwa Spika huku akiwa bado kiongozi wa chama cha Ford Kenya. Siku chache baadaye Wetang'ula alirudi ukumbini na kusema, kwa maelezo mapya, kwamba Kenya Kwanza bado ndiyo yenye wengi. Mpangilio ukabaki vilevile.

Mimi naliona hilo kuwa jeraha kubwa kuliko mengi tuliyopigia kelele. Mwananchi aliyepanga foleni Agosti 2022 alidhani kura yake ndiyo inayoamua nani awe na wengi bungeni. Kumbe iliamuliwa Oktoba, ndani ya ukumbi, na mahakama ilipokuja kusema kinyume, muhula ulikuwa umepita nusu. Na katika wale 14 walioisogeza mizani, watatu walikuwa wa chama kilichoasisiwa kwetu Pwani. Nguvu hiyo ilikuwa mikononi mwetu mara moja, na tukaibadilisha kwa kiti kimoja.

Tuitazame sasa meza kuu ilivyokuwa mwanzoni mwa muhula. Spika wa Bunge la Taifa anatoka Bungoma, na naibu wake, Gladys Boss, Uasin Gishu. Spika wa Seneti Kilifi, naibu wake Kathuri Murungi wa Meru. Viongozi wa Wengi ni Ichung'wah wa Kiambu na Aaron Cheruiyot wa Kericho. Viongozi wa Wachache ni Wandayi wa Siaya, na katika Seneti, Stewart Madzayo wa Kilifi. Naibu wa Ichung'wah ni Owen Baya, mbunge wa Kilifi Kaskazini. Kilifi, basi, ilikuwa na watu watatu juu: mmoja anaongoza kikao, mmoja anaongoza upinzani, mmoja anasukuma ajenda ya serikali. Mombasa, mji wa pili kwa ukubwa katika nchi na mlango wa biashara ya Kenya na jirani zake, haikuwa na jina hata moja katika orodha hiyo.

Na wabunge tunao. Mohamed Machele wa Mvita, Rashid Bedzimba wa Kisauni, Mishi Mboko wa Likoni, Omar Mwinyi wa Changamwe na Badi Twalib wa Jomvu, wote wa ODM, chama cha Raila. Mohamed Ali wa Nyali ni wa UDA, chama cha Rais Ruto. Mwakilishi wa Wanawake ni Zamzam Mohammed, seneta ni Mohamed Faki, na hao wawili pia ni wa ODM. Wasio na uzoefu si wengi. Mwinyi na Twalib wako muhula wa tatu tangu 2013. Mishi Mboko alikuwa Mwakilishi wa Wanawake kabla ya kuchukua Likoni mwaka 2017. Faki yuko Seneti tangu mwaka huohuo. Bedzimba aliwahi kukaa bungeni 2013 hadi 2017, akakosa, akarudi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Mombasa ilipeleka wanafunzi.

Tatizo moja ni idadi, ingawa si kubwa kama tunavyopenda kudai. Kaunti sita za Pwani zina maeneobunge 26 kati ya 290. Ongeza wawakilishi wa wanawake sita, unapata watu 32 katika nyumba ya wabunge 349. Mombasa yenyewe ina maeneobunge sita kwa watu 1,208,333 waliohesabiwa mwaka 2019, yaani wastani wa watu zaidi ya 200,000 kwa kila mbunge, wakati wastani wa nchi ni kama 164,000. Mipaka ilichorwa mwaka 2012. Katiba inataka ipitiwe upya ndani ya miaka 12, lakini tume ya uchaguzi ilikaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, na muda ukapita. Kwa hiyo Kisauni inayojaa kila mwaka na Likoni inayopanuka kuelekea kusini zinabaki na mbunge mmojammoja. Ni dhuluma, na inafaa idaiwe. Lakini hata tukiongezewa viti viwili, viti hivyo bila nafasi ndani ya kamati ni vichwa tu vya kuhesabiwa.

Nafasi za kamati hugawanywa na chama. Hili watu wengi hawalijui, au wanalijua na kulipuuza. Mbunge akishaapishwa hajichagulii kamati. Kiranja wa chama ndiye anayepeleka majina, na chama kilichompeleka kinaweza kumwondoa akileta ukaidi. Mombasa iliipa ODM karibu kila kitu: viti vitano kati ya sita, kiti cha mwakilishi wa wanawake, useneta na ugavana. ODM kwa upande wake, ilipopanga safu zake za juu bungeni, ilimtoa kiongozi Siaya, kiranja Migori, na katika Seneti kiongozi Kilifi. Mwaka 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir aliingizwa katika unaibu wa kiongozi wa chama, na Hassan Joho akawa waziri. Hizo ni nafasi za chama na za serikali. Bungeni, ambako mambo ya bandari yanapita, hatukuambulia kitu. Ngome haibembelezwi, na sisi tumekuwa ngome ya kutegemewa mno.

Kisha likaja la 2024. Mswada wa Fedha ulipitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia katika majengo ya Bunge, damu ikamwagika barabarani, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Mombasa nayo iliandamana. Kabla ya miezi miwili kupita, Wandayi, aliyekuwa Kiongozi wa Wachache, akawa Waziri wa Kawi. John Mbadi, mbunge mteule wa ODM aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Uhasibu wa Umma, akawa Waziri wa Fedha. Joho akapewa madini na uchumi wa baharini. Machi 2025 ODM na UDA zikatia saini makubaliano rasmi, na Junet Mohamed, aliyemrithi Wandayi, akabaki Kiongozi wa Wachache katika nyumba ambamo wachache na wengi wanakula meza moja.

Fikiria hilo la Mbadi kwa makini. Kamati ya Uhasibu wa Umma ndiyo inayozipitia hesabu za serikali baada ya pesa kutumika. Kanuni za Bunge zinaiweka chini ya upande usio wa serikali kwa sababu ya wazi: mtumiaji asijikague. Mwenyekiti wa kamati hiyo alitoka pale moja kwa moja kwenda kuongoza Wizara ya Fedha. Sina shaka na uwezo wake wa hesabu, ambao hata wapinzani wake wanaukubali. Shaka yangu ni kwa upande uliobaki nyuma. Kama chama kilichopewa kazi ya kukagua kimeingia serikalini, anayemkagua waziri wake mwenyewe ni nani? Kwa Mombasa swali hilo ni zito mara mbili, maana karibu wabunge wetu wote ni wa chama hicho, na waziri anayehusika na mambo ya bahari ni mtoto wa hapa. Mwaka 2022 tulichagua watu wa kuihoji serikali. Mwaka 2024 wakawa upande wa serikali, na hakuna aliyekuja Mwembe Tayari wala Tononoka kutuomba ruhusa. Huenda ilikuwa busara. Huenda kuna barabara na miradi itakayotokana na hilo. Ila mpiga kura alistahili kuambiwa kwanza. Raila Odinga alipofariki Oktoba 2025, aliyekuwa akishikilia maelewano yote yale kwa jina lake, wabunge wake walibaki na mkataba ambao wapiga kura wao hawakuwahi kuulizwa.

Nije bandarini, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia.

Gavana wa Mombasa hana mamlaka juu ya Bandari ya Mombasa. Hana juu ya feri ya Likoni wala juu ya reli ya SGR. Vyote ni vya serikali kuu. Chombo pekee ambamo mtu aliyechaguliwa na watu wa Mombasa anaweza kumketisha mkurugenzi wa bandari mbele yake na kumuuliza swali ambalo lazima lijibiwe, ni Bunge, na hasa kamati zake. Likoni inawategemea wale wanaokaa katika kamati ya uchukuzi kuliko inavyomtegemea mtu mwingine yeyote. Na Likoni inajua gharama ya kutosimamiwa. Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Septemba 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kivukoni, mama na binti yake ndani, na mji mzima ukakaa ufukweni siku baada ya siku ukingojea miili iopolewe. Misiba hiyo yote ilitokea kwenye chombo cha umma chenye wakurugenzi, bajeti na ripoti za kila mwaka zinazofika mezani kwa Bunge.

Au chukua jambo la makontena. Serikali ilipoamuru mizigo ipande SGR hadi Nairobi na Naivasha, tulioishi Changamwe, Jomvu na Miritini tuliona kwa macho. Yadi zilizokuwa zikijaa malori zikabaki na walinzi na paka. Kampuni za kliaringi na fowadingi zikafunga ofisi au zikahamia Nairobi. Makanika, wauza tairi, vijana wa kushona maturubai na kina mama wa mahamri na viazi pale kando ya barabara, wote riziki ikakatika kwa barua ya afisi moja. Watu waliandamana mjini mwaka 2019, wiki baada ya wiki. Novemba 2020 majaji wa Mahakama Kuu hapa Mombasa wakasema amri ile ilikiuka Katiba kwa kukosa kuwashirikisha wananchi. Kisha tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa.

Mji ulifurahi, na mimi nilifurahi. Lakini tuone njia iliyopitwa. Amri iliyotuumiza ilitolewa na serikali kuu bila sheria mpya kupita bungeni. Iliyoibatilisha ni mahakama, kwa kesi iliyofunguliwa na raia. Iliyorudisha kazi ni tamko la Rais. Wabunge wetu walisema, wengine wakaandamana na watu, na hilo nawapa. Ila hakuna kilichofanywa ukumbini kikawa sheria inayosema mzigo wa Mombasa utatolewa Mombasa, na kwamba mwenye mzigo ndiye anayechagua lori au reli. Kilichorudishwa kwa tamko kinaweza kuondolewa kwa tamko. Bunge la 13 lilikuwa na miaka mitano ya kuliweka jambo hilo katika sheria, huku joto likiwa bado juu na Rais mwenyewe ameshalikubali. Hii ndiyo kazi niliyotaka kuiona kuliko nyingine yoyote, na inawezekana iwapo watu sita wa Mombasa na wenzao ishirini wa Pwani wangeisimamia pamoja, UDA kwa ODM, bila kungoja kiranja awape ruhusa.

Watu wengi hawajawahi kukiona kikao cha kamati kinavyokwenda. Si ukumbi ule wa runingani wenye siwa na wabunge wanaopiga meza. Ni chumba chenye meza ndefu, chupa za maji na rundo la karatasi. Karani ameshawagawia wajumbe ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Afisa mkuu wa shirika anaapishwa, ameandamana na wahasibu wake waliobeba mafaili. Mwenyekiti anataja ukurasa na aya: malipo haya mbona hayana stakabadhi, ardhi hii ya shirika mbona haina hati, zabuni hii mbona ilipewa mtu wa tatu kwa bei. Afisa anajibu kwa maneno mengi. Kama mjumbe aliyekaa pale ameisoma ripoti usiku, anamrudisha kwenye aya. Kama hakuisoma, anamshukuru kwa kuja na kumuuliza habari za ajira kwa vijana, na ile aya inapita. Katiba inaipa ripoti ya ukaguzi miezi mitatu ijadiliwe na Bunge. Ripoti ngapi zinajadiliwa zikiwa zimechelewa miaka, wahusika wameshastaafu? Ushindi wa mbunge katika chumba kile hauna picha wala mkono wa kushikwa. Ndiyo maana wengi hawaoni faida ya kuutafuta.

Faida wanaiona kwingine. Nenda ofisi yoyote ya eneobunge msimu wa basari. Kina mama wamefika alfajiri, fomu mkononi, wameshahangaika kupata muhuri wa chifu, nakala ya kitambulisho, barua ya shule yenye karo, cheti cha kifo kwa aliye yatima. Fomu ikikosa kitu kimoja unarudishwa. Mwisho wake ni hundi inayokwenda shuleni, pengine sehemu ndogo ya karo, na jina la mheshimiwa linatajwa kwa shukrani. Simcheki mama yule hata kidogo, mtoto wake hatasubiri Bunge libadilike. Pesa zile ni za umma, angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa, na sheria inazielekeza kwa eneobunge kupitia CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge. Mbunge hakuzitoa mfukoni. Septemba 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko huo inakiuka Katiba, na mwaka uliofuata Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuuingiza ndani ya Katiba yenyewe. Ukitaka kujua ni jambo gani linaweza kuwaunganisha wabunge wa vyama vyote kwa haraka na kwa idadi ya thuluthi mbili, ni hilo. Bandari haijawahi kuwaunganisha hivyo.

Nao wanafanya hivyo kwa sababu wanatujua. Mwaka 2022 chini ya nusu ya waliojiandikisha Mombasa ndio waliojitokeza kupiga kura, nchi nzima ikiwa karibu na asilimia 65. Uchaguzi wa gavana wetu uliahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa makosa ya karatasi za kura, na hilo liliwavunja wengine moyo, lakini haliwezi kueleza yote. Mbunge anayejua kwamba nusu ya watu hawatakuja, na kwamba waliobaki watamkumbuka kwa basari na gari la maiti, atakuwa mjinga akipoteza usiku wake kusoma ripoti ya ukaguzi wa bandari. Atafanya kile kinachohesabiwa. Sisi ndio tuliochagua cha kuhesabu.

Kwa hiyo atakayekuja kwenye maskani yenu kutafuta kura ya 2027, awe aliyeko au mpya, muulizeni mambo ambayo hayajibiwi kwa pesa ya chai. Anataka kamati gani, na je, chama chake kimemwahidi kwa maandishi? Kama yuko bungeni sasa, aoneshe Hansardi: maswali aliyouliza kuhusu bandari, feri na ardhi, tarehe, na majibu aliyopewa. Kumbukumbu hizo ziko wazi kwa kila mtu, na nyingine ni kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba inaipa nafasi sawa na Kiingereza ndani ya Bunge. Atapiga kura vipi mswada wa fedha ukija na kodi mpya, kiranja akimtaka aseme ndiyo? Chama chake kikihamia upande mwingine katikati ya muhula, atarudi kutuuliza au tutasikia redioni? Na mswada wa kuiweka shughuli ya kutoa mizigo Mombasa katika sheria, atauleta mwezi gani wa mwaka wa kwanza?

Viongozi wa ODM na wa UDA nao waulizwe, wakija Mombasa kutafuta ngome. Kabla ya kuwapa viti vyote tena, waseme mapema, majina na nafasi: mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi, kiranja, naibu kiongozi. Spika wa Pwani tumeshampata, na tunamshukuru kwa kazi yake. Safari hii Mombasa idai mtu anayepiga kura.